Pazia la Ndege Yenu Limetua Dukani Kwetu

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria,
Shirika la Ndege (jina lenu mnalijua wenyewe, nami sitaki mtu wa posta alisome na kuwafikiria vibaya kabla hamjajitetea).

YAH: ABIRIA WAWILI MLIOWATENGANISHA

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini hujambo, watu wa nyumbani kwako hawajambo, na ndege zenu zote zimerudi salama. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba. Barua hii naiandika nikiwa nimekaa chini ya meza ya kukatia nguo, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya duka letu ambayo bado haina mwenyewe. Naahidi kukueleza mambo yote tangu mwanzo, ili uone kosa liko wapi na ulirekebishe.

Mama yangu ni fundi wa nguo, na kazi yake ni kukata. Mama Mdogo kazi yake ni kushona. Namwita Mama Mdogo, lakini hawakuzaliwa tumbo moja. Walikutana chuo cha ufundi wakakalia benchi moja, na kwa kuwa Mama amemzidi miaka miwili, yeye humwita Dada. Duka lao ni chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, meza ndefu, cherehani, pasi ya umeme na kioo kilichopasuka pembeni. Kwa miaka kumi na sita Mama hajashona hata mkono wa blauzi, na Mama Mdogo hajagusa mkasi mkubwa. Wateja wetu husema ukimsema vibaya mmoja, anayenuna ni mwingine.

Mwezi uliopita msichana mmoja aliyejifunza kazi kwao alikuwa anaolewa mji wa mbali. Akatutumia tiketi tatu za ndege, yao mbili na yangu, kwa sharti moja tu, kwamba tuje na gauni lake la harusi. Gauni hilo lilichukua wiki tano. Mama alilikata bila kufuta mstari hata mmoja wa chaki, na Mama Mdogo akashona kwa mkono vifungo arobaini na viwili vya mgongoni. Kati yetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Tuliwaamini kama mtu anavyomwamini daktari.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kuhusu kiti. Tulipofika kaunta, karani wenu alisema viti vya nyuma vimejaa na mmoja wetu atahamishiwa daraja la mbele. Kisha akachapa pasi ya kupandia, ya kiti cha mbele, kwa jina la Mama Mdogo. Hakumuuliza Mama, na hakumuuliza Mama Mdogo. Wao walikuwa kwenye mizani wakipunguza uzito, wakitoa vitu begi hili na kuvitia begi lile. Kwa maneno mengine, mtu amepandishwa daraja akiwa ameinama, ameshika kiatu cha mwenzake mkononi. Hata shuleni kwetu mwanafunzi hahamishwi dawati kabla ya mwalimu kujua amekaa na nani.

2. Kuhusu foleni yenu. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu nadhani ofisini kwenu jambo hili halijulikani. Mtu mwenye adabu akipewa kitu kizuri, humpa mwenzake. Mwenzake, naye mwenye adabu, hukataa. Hupewa tena, hukataa tena. Mara ya tatu hapo ndipo watu wanaongea kweli. Tukiwa kwenye foleni ya kupandia, Mama Mdogo alimpa Mama pasi ya mbele akamwambia akae yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mama akakataa, akasema mifupa yake haijachoka kiasi hicho. Mama Mdogo akampa tena. Mama akakataa tena, akasema nenda tu mdogo wangu, utatusimulia. Palepale foleni ikasogea, pasi ikachukuliwa ikachanwa, na Mama Mdogo akaambiwa apite kushoto. Mara ya tatu haikupata nafasi. Mpaka leo Mama anasema hakuombwa sawasawa, na Mama Mdogo anasema alikataliwa mbele za watu. Wote wawili wana haki, ndugu Meneja. Foleni yenu ndiyo fupi.

3. Kuhusu pazia. Sikatai kuwepo kwa pazia, kwa maana hata kwetu kuna la chumba cha kujaribia nguo. Lakini mimi ni mtoto wa fundi na nililiangalia vizuri lile lenu. Kitambaa ni chepesi, hakina bitana, na limekatwa fupi inchi nne. Pazia la namna hiyo halimzuii mtu kusikia. Linamzuia kuona tu. Mtu anayesikia na haoni hujaza mwenyewe yaliyobaki, na Mama ana akili nyepesi ya kujaza. Kila Mama Mdogo alipocheka kule mbele, Mama alijua anachekwa nani.

4. Kuhusu sahani. Chakula kilipoanza kutolewa, Mama Mdogo alituletea kipande cha keki kwa mkono wa mhudumu, kwenye sahani ya kauri yenye mstari wa bluu. Mama alifurahi, hilo nalisema kwa haki. Lakini Mama si mtu wa kurudisha chombo cha mtu kitupu. Akakitia biskuti zetu mbili za kwenye boksi, akamwomba mhudumu akipeleke. Mama Mdogo naye si mtu wa kukaa na chombo cha mtu. Kikarudi na jibini. Mama akatia nusu ya mkate. Kikarudi na zabibu. Mhudumu alipita pazia mara saba, kwa uso wa heshima mpaka mara ya tano. Mara ya saba akamwambia Mama kwamba samahani, vyombo vya mbele havikai nyuma. Akaichukua sahani kama ilivyokuwa, tupu, na makombo yake, akaenda nayo.

Yeye alikuwa anafanya kazi yake. Lakini fikiria Mama Mdogo ameketi kule, hajui neno lililosemwa, anaona sahani yake inarudi tupu kutoka kwa mtu ambaye tangu amfahamu hajawahi kumrudishia hata kifuniko bila kitu ndani. Angeelewa nini? Alielewa alichoelewa. Hakutuma kitu tena.

5. Kuhusu gauni. Mhudumu mwingine aliliona gauni tukiwa mlangoni, akasema lisikunjwe, akalitundika kwenye kabati la kule mbele. Huo ulikuwa wema wa kweli. Lakini kwa wema huo nguo ikasafiri daraja la mbele, na aliyeikata akasafiri safu ya nne, nyuma tu ya pazia, karibu na choo. Wahudumu walikuja kuitazama mmoja mmoja. Nilisikia mmoja akiuliza nani fundi wa gauni zuri namna hii. Na Mama Mdogo, kupitia lile pazia lenu la inchi nne pungufu, akajibu:

"Nimelishona mimi."

Ni kweli alilishona. Hakudanganya hata herufi. Lakini dukani kwetu, miaka yote, mteja akiuliza swali hilo, jibu lao huwa ni moja: mmoja huanza kwa kusema mwenzangu kakata, na mwingine humalizia kwa kusema mwenzangu kashona. Safari hii palikuwa na mtu wa kuanza na hapakuwa na wa kumalizia. Mama aliweka chini kijiko chake cha plastiki. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Sikia, mwanangu. Leo gauni limejikata lenyewe."

Kisha akalitazama pazia mpaka matairi yalipogusa ardhi.

6. Kuhusu kushuka. Mnawashusha wa mbele kwanza. Nilimwona Mama Mdogo kwa jicho langu akisimama kwenye ngazi kutungoja, na nikaona mtu wenu mwenye fulana ya kung'aa akimwelekeza aendelee mbele asizibe njia. Mama hakuliona hilo, alikuwa ameinama akitafuta kiatu. Tulipofika ukumbi wa kupokelea watu, bibi harusi alikuwa amekwisha mkumbatia Mama Mdogo, amekwisha pewa gauni, na picha ilikuwa imekwisha pigwa. Zikapigwa nyingine baadaye, lakini ile iliyotumwa kwa watu wote ni ile ya kwanza. Mama yumo, upande wa kulia kabisa. Ni kiwiko.

Kwenye harusi walinikalisha katikati. Mama Mdogo aliniambia nimwambie mama yangu kwamba kola imekaa vizuri. Nikamwambia. Mama akaniambia nimwambie Mama Mdogo wangu kwamba kola haikai vizuri kwa bahati, hukatwa. Nikamwambia. Nilikula kidogo sana siku ile, kwa sababu kila nilipotia kitu mdomoni nilikuwa na ujumbe wa kupeleka.

Msije mkajitetea kwamba wakati wa kurudi mlituweka wote watatu safu moja. Ni kweli, na tunashukuru. Mama alitazama dirishani, Mama Mdogo akalala bila kusinzia. Kuwakalisha watu pamoja baada ya kuwatenganisha ni sawa na kushona mahali palipokatwa pasipostahili: uzi unaonekana.

7. Kuhusu pazia, kwa mara ya pili. Siku tatu baada ya kurudi, Mama alichukua mita nne za bitana ya kijivu, akapigilia misumari miwili ukutani, akaligawa duka. Cherehani cha Mama Mdogo kiko upande wa mlangoni, kwa ajili ya mwanga. Meza ya Mama iko nyuma. Mama akasema kila mtu akae daraja lake, na tangu siku hiyo hamwiti tena mdogo wangu; anamwita Mheshimiwa. Kesho yake mteja wa kwanza alipoingia, Mama Mdogo alisimama wima, akakunja mikono mbele kama wahudumu wenu, akamkaribisha ndani kwa tabasamu na kumwambia kwamba huduma za kukata zinapatikana nyuma, karibu na choo.

Sasa mteja hupimwa nyuma na kujaribishwa mbele. Karani mmoja wa benki, mtu mzima mwenye mvi, alisimama nusu saa katikati ya pazia, mguu mmoja wa suruali umebanwa pini na mwingine haujabanwa, akisubiri waafikiane urefu bila wao kuongea. Mwishowe alinitazama mimi. Nilipiga magoti nikambana mwenyewe. Alinishukuru, lakini hajarudi.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Kwetu zimeumia sketi. Mama hukata sare za shule na kuzisukuma kwa mguu chini ya pazia. Zamani Mama Mdogo angeuliza, "Dada, pindo inchi ngapi?" hata kama anajua, kwa sababu kuuliza ndiko kulikokuwa kuongea kwao. Safari hii hakuulizwa mtu. Sketi thelathini za darasa la nne zimetoka zinagusa vifundo vya miguu. Wasichana wa darasa la nne wanatembea mstarini kama mapadri. Mwalimu mkuu ametuma barua, na Mama akaisoma kwa sauti kubwa akielekea pazia, na Mama Mdogo akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka Mama akamaliza kuisoma.

Na juzi Alhamisi limetokea lile lililonifanya nikuandikie. Mama Mdogo alisimamisha cherehani, akasema, si kwa Mama, si kwangu, ila kwa pazia, kwamba amepata chumba ng'ambo ya barabara. Jumamosi ijayo, tarehe 15, watakuja watu wawili kukibeba cherehani chake. Mama alijibu kwamba waangalie wasikwaruze mlango. Kisha akaendelea kukata. Mimi nilikuwa hapa hapa chini ya meza, kwa hiyo nilikiona kitambaa. Alikata mkono wa kushoto mara mbili.

Ndugu Meneja, sijaandika ili kulaumu tu. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba lalamiko lisilo na ombi ni kelele. Basi naomba yafuatayo:

Kwanza, karani wenu kabla ya kumhamisha mtu awe anauliza, "Una mwenzako?" Ni maneno mawili. Kama jibu ni ndiyo, kiti hicho cha mbele kiachwe wazi, kiwekwe begi. Begi halina rafiki.

Pili, foleni ya kupandia isimame kwa muda unaotosha mtu kukataa mara mbili na kukubali mara ya tatu. Kwa watu wa kawaida inatosha dakika moja na nusu. Kwa mama yangu, tatu.

Tatu, pazia lenu lishonwe upya, liwe zito lisilopitisha hata sauti, au lisiwepo kabisa. Likiwa la katikati ndilo baya. Mkitaka fundi wa kulikata namjua mmoja, na mkitaka wa kulishona namjua mwingine. Kwa sasa mtalazimika kuandika barua mbili.

Nne, mtoe tamko la maandishi, lenye mhuri, kwamba ile sahani ilirudi tupu kwa amri ya shirika na si kwa moyo wa Mama.

Tano, kwa kuwa maandishi yanaweza yasitoshe, naomba mtume ujumbe wa watu dukani kwetu kabla ya Jumamosi. Ningependa awepo rubani, akiwa na kofia yake, maana Mama humheshimu sana mtu aliyevaa nguo iliyokatwa vizuri, na koti lile limekatwa vizuri. Awepo mhudumu wa sahani. Awepo na yule wa fulana ya kung'aa, aeleze habari ya ngazi. Waingie bila kupitia mbele wala nyuma, ingawa sijui vipi, labda dirishani. Wakiomba msamaha watakataliwa. Wasiondoke. Waombe tena, watakataliwa tena. Wasiondoke.

Sita, ikishindikana hiyo, safari irudiwe. Ndege ileile, siku ileile ya wiki, gauni tutaazima, na Mama akae mbele. Nimeliwaza sana hili na naona ndilo la haki, ingawa najua huenda rubani ana ratiba nyingine.

Mwalimu anasema mashirika makubwa husoma kila barua, hata ya mtoto, kwa sababu mtoto wa leo ndiye abiria wa kesho. Mimi naamini hivyo. Ndiyo maana nimeandika kwa kalamu ya wino na nimeacha nafasi pembeni kwa ajili ya maoni yenu.

Naomba mnisalimie marubani wote, wanaoziosha ndege, wanaopika zile keki, na hasa yule mhudumu aliyepita pazia mara saba. Mwambieni kwetu hakuna anayemchukia. Msalimieni pia karani wa kaunta, kama bado yupo kazini. Mama angewasalimu, na Mama Mdogo pia, lakini kila mmoja angetaka salamu zake zitangulie.

Ni mimi, ninayewaheshimu hata mkiwa juu sana,

Mtoto wa fundi anayekata,
na wa fundi anayeshona.

Nyongeza: Nimeisoma barua hii tena kabla ya kufunga bahasha, na nimeona yule karani ataniona mwongo. Ni kweli hakumuuliza Mama wala Mama Mdogo. Aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika tiketi na vitambulisho vya wote. Aliniinamia akasema, "Haya binti, nani kati yenu nimpeleke mbele?" Nikamwonyesha Mama Mdogo kwa kidole.

Si kwamba nilimchagua kwa sababu magoti yanamuuma, ingawa yanamuuma. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa na Mama saa tatu peke yetu. Hao wawili wakianza kuongea, mimi huwa ni mtu wa kutumwa uzi. Nilikuwa na mambo ya kumwambia Mama, si makubwa, na nilitaka saa tatu tu. Nikazipata, na yeye akazitumia zote kutazama pazia. Sasa ninaye kila jioni peke yangu, na haniulizi hata nimejifunza nini.

Kwa hiyo rubani asije. Wala karani msimfukuze, hana kosa. Na foleni, sahani na kabati pia naona hazina. Nikiwaambia hawa wawili ukweli nadhani watapatana siku hiyohiyo, ila watapatana wakiwa wamenigeukia mimi, na wakiwa upande mmoja hao, sijaona mtu aliyewaweza.

Naomba mnijibu swali moja tu, kwa posta ya kurudi, barua inifikie kabla ya Jumamosi: ninyi mkigundua mmekosea mkiwa angani, huwa mnawaambia abiria palepale, au mnangoja kwanza ndege itue?